Sura Iliyotundikwa Mahango

Mwanamke niliyemtia kwenye fremu ya msiba aliingia dukani kwangu Kasese kwa miguu yake mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwaka barabarani na redio ya jirani ikipiga nyimbo za injili. Nilikuwa nakata karatasi. Niliinua macho nimkaribishe mteja, nikaona uso ambao siku si nyingi kabla ya hapo nilikuwa nimeuchapa kwa ukubwa wa dirisha dogo, na chini yake nikaandika pumzika kwa amani. Mkasi ulinitoka mkononi. Mimi si mwoga wa mambo hayo, lakini siku ile nilisoma kila dua niliyoijua, na nyingine ambazo nilizijua nusu.

Alisimama mlangoni bila salamu. Alivaa kitenge kizuri, na miguuni alikuwa na vumbi la safari. Akaniuliza, "Mama, ni wewe ulitoa ile picha yangu ya kufa?"

Nilimvutia kiti, na alipokaa nikasikia kiti kinalia, ndipo nikaamini kwamba ana uzito.

Zamani jambo kama hili lisingetokea, na nasema hivyo kwa hasira, si kwa majivuno. Nilikuwa na studio Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, jirani na soko, mahali ambapo siku za soko Wakongo huvuka mpaka na mizigo yao tangu alfajiri. Marehemu mume wangu ndiye aliyeianza na akanifundisha kazi. Alipofariki, watu walingoja niuze kamera nirudi jikoni. Wakangoja sana. Nilikuwa na pazia lililochorwa mlima wenye theluji, ingawa mlima wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba na mtu yeyote angeweza kugeuka akautazama bure. Wateja waliupenda wangu kwa sababu haukuwa na mawingu.

Kazi ya filamu ilikuwa kazi ya subira. Nilimkalisha mtu, nikamnyoosha kola, nikamfuta jasho, nikamwambia azuie pumzi. Filamu ikiisha niliipeleka Kasese kusafishwa, na mwenye picha alirudi soko lijalo, au lile la baada yake. Hapo ndipo palikuwa na hatari, kwa sababu ya majina. Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima ile, mtoto huzaliwa jina likiwa linamngoja. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana hivyo hivyo, katika kila nyumba, mlima mzima. Ukiita jina la msichana wa kwanza pale sokoni Bwera, watageuka wanawake wa kujaza kanisa. Kwa hiyo juu ya bahasha sikuandika jina peke yake. Niliandika kilima anachotoka, jina la baba, nguo aliyovaa, kovu kama lipo. Na bahasha haikutoka mkononi mwangu mpaka nimemtazama mwenyewe, nikaitazama picha, nikamtazama tena.

Simu zilianza kwa kunichekesha. Mwanzoni watu walikuja studio kupigwa picha wakiwa wameshika simu sikioni, hata kama ni ya kuazima na haina chaji. Halafu zikaja zenye kamera, nao wakawa wananiletea picha zao nizione, zenye giza na ukungu, nikawacheka. Halafu zikaja simu janja, zile za kugusa kioo, na ikafika Krismasi moja ambayo nilifagia studio, nikakunjua pazia, nikavaa vizuri, na hakuna aliyepanga foleni. Niliwaona nje kwenye majani, wamevaa nguo mpya, wananyoosha mikono juu na kujipiga picha wenyewe. Niliumia sana siku ile. Wazazi niliowapiga picha ya harusi walipita mbele ya mlango wangu na watoto wao wakanipungia mkono.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Duka la Kasese lililosafisha filamu lilifungwa na mashine yake ikabebwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Filamu nilizobaki nazo zikachacha. Fundi aliyenitengenezea kamera akahamia kubadilisha vioo vya simu, na nilipompelekea yangu imekwama, aliipokea kwa heshima, akaiweka kwenye rafu, na hakuigusa tena. Nilifunga Bwera, nikahamia Kasese mjini, nikanunua kompyuta na mashine ya kuchapa. Niliwaza kwamba watu wanaopiga picha kutwa nzima lazima watataka kuzishika kwenye karatasi.

Nilijidanganya. Aliye hai anatosha kwenye simu. Watu hunijia akishafariki mtu, kwa sababu jeneza linahitaji picha ya kutangulia mbele, na simu haiwezi kusimamishwa juu ya jeneza. Nilizoea kumtambua mfiwa kwa jinsi anavyoshika simu anapoingia, kwa mikono miwili. Wananiletea picha ya harusi ya mtu mwingine, marehemu akiwa pembeni anacheka, na bega lake limeshikwa na rafiki. Kazi yangu ni kumtoa pale. Nakata rafiki, nafuta mkono begani, namvalisha suti kama hakuwa na suti. Mikono niliyoifuta kwenye mabega ya wafu imekuwa mingi, na wakati mwingine nikifunga duka nahisi bado imebaki mle ndani.

Fremu ile niliagizwa na kaka mmoja mfiwa aliyekuja kutoka Mahango, kijiji cha mlimani, asubuhi moja ya mvua. Dada yake, msichana wa kwanza wa nyumba yao, alikuwa amefariki siku chache baada ya kujifungua. Alikuwa ameolewa Bwesumbu, na nyumbani Mahango hawakuwa wamemwona kwa muda mrefu. Mwili ulirudishwa kwao, na walitaka fremu kabla ya mazishi. Nikamwambia anipe picha, akaweka mezani simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ilikuwa simu ya marehemu. Picha zake zote zilikuwa humo, na ilikuwa imefungwa kwa alama ya kidole.

Aliniambia jambo ambalo hakupenda kuniambia. Pale walipomlaza, kabla ya kumvalisha, alikuwa ameshika mkono wa dada yake, akakifuta kidole gumba kwa shati lake, akakibonyeza kwenye simu. Simu ilitetemeka, ikamwambia ajaribu tena. Akajaribu tena.

Mume wa marehemu alikuwa na simu ndogo ya tochi isiyopiga picha. Picha za karatasi, za utotoni, ziliachwa kwenye sanduku zikaliwa na mchwa. Basi yule kaka, akiwa amekaa palepale kwangu, aliandika kwenye kundi la ukoo, lile la simuni: akataja jina la dada yake, akasema ametutoka, mwenye picha yake aitume. Hatukukaa kitambo picha ikaingia. Mwanamke kwenye harusi, amefunga kilemba, na simu ilikuwa imemfanyia yale yanayofanywa na simu: ngozi imelainishwa na kung'arishwa, macho yamekuzwa, kidevu kimechongwa. Kaka mtu aliitazama mpaka nikaona vibaya kumharakisha. Nikamuuliza kama ni yeye.

"Simu inabadilisha watu, mama," akasema. "Lakini ni yeye."

Sitaki mtu aniambie nilikosea. Kaka amesema ni dada yake. Mimi mwenyewe nimeshazoea kuona picha ambazo mwenyewe akisimama karibu nazo inabidi uulize. Nilichapa, nikaweka kioo, nikafunga kwa gazeti mvua isiiharibu, na ile fremu ikapanda Mahango ikatangulia mbele ya jeneza. Watu wakaipiga picha kwa simu zao, wakabandika michoro ya mishumaa na njiwa pembeni yake, wakaituma kila mahali.

Na sasa mwenye uso ule alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anakunywa maji.

Alikuwa msichana wa kwanza wa nyumba nyingine, ya ukoo uleule. Ameolewa Bwera, anauza vitenge sokoni. Mtu fulani kwenye kundi alikuwa na picha yake, na juu ya picha kulikuwa na jina tu. Aliniambia kwamba alijua amekufa siku ya soko, pale mteja wake kutoka ng'ambo ya Kongo alipokataa kupokea kitenge kutoka mkononi mwake, akamwomba akiweke kwanza mezani. Alidhani ni mzaha. Aliporudi nyumbani alikuta wajomba zake wameshuka na kuni na maharage ya matanga, wamesimama uani, hakuna anayethubutu kuingia. Yeye akachukua ufagio akaanza kufagia uwanja ili wamwone anafanya kazi.

Alitaka nimfute. Nilimfuta mbele ya macho yake, nikamwonyesha na kapu la taka la kompyuta kwamba ni tupu. Akauliza, "Na kwa wengine?"

Enzi za Bwera wanandoa waliogombana walikuja kwangu wanataka picha yao isiwepo tena. Niliwapa filamu yao, wakaitia kwenye jiko la mkaa, ikajikunja, ikanuka, mambo yakaisha. Picha ilikuwa na mahali pake pa kukaa. Hii yake nilishindwa hata kukadiria iko wapi na wapi.

Alianza kuzunguka kwa watu mmoja mmoja, Bwera, Kisinga, mpaka kwa jamaa wa Kongo, akiwaomba waifute mbele yake. Walifuta, walimwonea huruma. Lakini mwaka ulipogeuka, simu zenyewe ziliirudisha. Unajua simu zinavyojifanya kukukumbusha, zinapanga picha zako za mwaka jana na kukuwekea na muziki. Waliokuwa wamesahau kufuta wakaiona, wakalia upya, wakaituma upya. Sokoni wakaanza kumwita marehemu, kwa utani. Utani ule ulikuwa na mwisho wake. Akiumwa kichwa, walimtazama kisha wakatazamana. Mama mkwe wake akamwambia wazi kwamba kaburi la Mahango limeshapewa uso wake, na halitaridhika na uso peke yake.

Alirudi kwangu mwaka wa pili. Alikuwa amekonda, kitenge kimemzunguka zaidi ya ilivyopasa. Aliniambia zile za kwenye simu amemwachia Mungu. Ila ile ya ukutani kule Mahango hajaweza kuiacha. Jamaa zake walikuwa wameshawaomba wenye nyumba waitoe, kwa kupitia yule kaka, wakaahidi, wakaahidi tena, na fremu ikabaki palepale.

"Ile ya kwa ukuta ndio inaniita," akasema. "Nataka niitoe na mukono yangu. Twende, mama. Ni wewe uliitengeneza."

Niliogopa. Kwa muda wote ule, kila nilipochapa uso wa marehemu, nilikuwa nageuka kutazama mlango kama mwenyewe hajaja. Nilipoteza usingizi na nikapoteza hamu ya kazi. Nilikubali kwenda kwa sababu nilitaka na mimi yaishe. Nikachapa fremu nyingine ya kuwapelekea badala yake, msalaba wenye maua na jina la marehemu, tena na jina la baba yake na kilima chake, kama nilivyokuwa nikiandika kwenye bahasha.

Tulipanda kwa bodaboda mbili mpaka pale zilipokataa, kisha tukapanda kwa miguu katikati ya kahawa na mihogo. Alikuwa amefunga kitambaa mpaka karibu na nyusi. Watu tuliopishana nao walisalimia, wakapita, halafu nikasikia nyuma yetu hatua zao zinasimama. Yeye hakugeuka. Mimi niligeuka, na nikajuta.

Mama wa marehemu alikuwa ameketi nje ya nyumba akichambua maharage kwenye ungo. Ni mzee, macho yana ukungu kidogo, lakini hakuhitaji kuambiwa. Aliweka ungo chini. Akasema kwa Lukonzo, taratibu, kwamba mgeni amekuja kuchukua uso wake.

Kwa hiyo alijua. Nilimuuliza tangu lini, na nilimuuliza kwa ukali ambao sikuukusudia. Akaniambia, tangu siku ya mazishi. Yule alimzaa mwenyewe na akamnyoa nywele mwenyewe, angewezaje kukosea paji la uso? Lakini fremu ilifika wakati jeneza limeshatoka ndani, watu wakaiona, wakaanza kulia, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwanyamazisha watu wanaolia ili aulize huyu ni nani. Baada ya hapo ikatundikwa. Simu ya binti yake ingali imefungwa, ipo kwenye sanduku, na yeye hajui njia nyingine ya kuupata ule uso wa kweli. Siku hizi, alisema, hata yeye akifumba macho binti yake anamjia mara chache, na mara nyingi anamwona huyu wa ukutani.

"Mtoto wake alianza kusema, akaniuliza mama yake yuko wapi," akatuambia. "Nimwonyeshe ukuta mtupu?"

Kisha akasema tuichukue, ni haki yetu, hatatuzuia. Akarudisha ungo mapajani.

Tuliingia. Chumba kilikuwa na giza baada ya jua la nje, na nilitafuta ile fremu juu, mahali ambapo watu hutundika picha. Haikuwa juu. Ilikuwa imetundikwa chini, karibu na mkeka, kimo cha mtoto mdogo. Kioo kilikuwa na alama za vidole vidogo kila mahali, na pale kwenye mdomo palikuwa na uji uliokauka.

Mwenzangu alichuchumaa mbele yake. Alifungua kitambaa chake, sijui kwa nini, labda kwa joto. Akashika fremu kwa mikono miwili ainyanyue kwenye msumari.

Mtoto wa kike aliingia kutoka mlango wa nyuma, tumbo wazi, kipande cha kiazi mkononi. Alisimama. Akatazama picha, akamtazama mwanamke, akatazama picha tena. Hakulia, hakukimbia. Alimwendea polepole, akashika upindo wa kitenge, akasema, "Mama." Halafu akamuuliza kama ametoka mle kwenye kioo.

Mwanamke aliniangalia. Alikuwa amepanda mlima mzima ili aseme mimi si yule, mimi niko hai, na maneno yale nilimwona ameyashika mdomoni. Nilingoja ayaseme. Nilitamani ayaseme, nasema ukweli, maana nilitaka kwenda nyumbani. Aliachia fremu, ikarudi ukutani ikayumba kidogo. Akakaa kwenye mkeka, na mtoto akapanda mapajani kwake kama aliyezoea pale. Alimgusa paji, akamgusa pua, akageuka kuigusa pua ya kwenye kioo, akarudi. Akamlisha kiazi. Mwanamke akakila.

Nilitoka nje nikakaa na bibi, tukachambua maharage. Mvua ilikuwa ikijikusanya upande wa Kongo. Mtoto aliposinzia, mwanamke alitoka, akafunga kitambaa chake, na mikono yake ilikuwa mitupu.

"Iache, mama," akaniambia. "Ikae pale."

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, je, lile kaburi ambalo mama mkwe wake humwambia habari zake?

"Kaburi ingoje," akasema. "Huyu mutoto hawezi kungoja."

Tulimuaga bibi, naye akatushika mikono kwa muda. Fremu yangu ya msalaba na maua ilikuwa bado kwenye mfuko, nikaona haya kuitoa. Tulikuwa tumeshafika kwenye kahawa tuliposikia mtoto ameamka. Kwanza aliita, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu aliye chumba cha pili. Halafu tukamsikia nje, na bibi akimkimbilia. Mwenzangu aliongeza mwendo, mkono umeziba mdomo, nami nikamfuata nikiteleza kwenye udongo. Mama wa mtoto yule alizikwa yeye akiwa hata hajafungua macho vizuri, na hakuna aliyewahi kumwona akimlilia. Alimlilia siku ile, nasi tulimsikia mpaka tulipofika kwenye pikipiki.